Machozi ya Mzee Kulabidhu

Wapo watu wanaojulikana kwa mashamba yao, wapo wanaojulikana kwa midomo yao. Mzee Kulabidhu alijulikana kwa machozi. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, lakini wahenga hao hawakuwahi kuketi mkeka mmoja na Kulabidhu. Yeye hakumngoja mfiwa. Katika matanga, katika harusi, hata pale mtoto anapotogwa masikio, waimbaji wakishaingia ukumbini na vilemba vyao vyeupe, matoazi yakigongana, na vijana wakiruka huku wakipiga pung zilizoning'inia shingoni mwao, watu hawakuwatazama waimbaji wala hizo ngoma. Walimtazama yeye, kuona ameanza au bado.

Na alikuwa fundi, tumpe haki yake. Hakulia mwanzoni, maana ngoma bado haijapata moto. Hakulia mwishoni, maana mwishoni watu wameshasikia harufu ya wali na hawana nafasi na uchungu wa mtu. Alingoja pale katikati, mwimbaji mkuu anapoivuta sauti akimlalamikia mungu Krishna aliyewaacha wapenzi wake msituni. Hapo mabega ya Kulabidhu yalianza kutikisika. Kisha mkono ulipanda kifuani. Kisha alisimama, taratibu, ili hata waliokaa nyuma ya nguzo wasikose, akakaza shuka lake, akasogea mpaka mbele ya mwimbaji na kujitupa kifudifudi, machozi yakimtiririka. Kwa desturi yetu anayesujudiwa hana budi kusujudu naye. Mwimbaji alishuka chini, wazee wengine wakafuata, na kilio kikaenea ukumbi mzima. Matanga yasiyo na kilio cha namna hiyo husemwa vibaya hata mwaka wa pili. Ndiyo maana wenye shughuli walimpelekea Kulabidhu tambuu na popoo za mwaliko kabla hawajamkumbuka hata mjomba wa marehemu.

Mkewe, Bibi Sakhitombi, hakuwa mtu wa kulia. Angelia saa ngapi? Alfajiri alikuwa ameshabeba kapu kwenda soko la wanawake mjini Imphal, akauze ngari, wale samaki wadogo waliochachushwa mtungini ambao bila wao mboga yetu si mboga, na umorok, pilipili ambayo mpishi akiikata hashiki mtoto kutwa nzima. Shuka jeupe la Kulabidhu, kilemba chake, liwa aliyojipaka kwenye paji la uso, vyote vilitoka katika lile kapu. Kulabidhu mwenyewe alistaafu kazi ya kulinda lango la mfereji, kazi ambayo kwa sehemu kubwa aliifanya akiwa amelala, na tangu hapo alijiona mtumishi wa ibada.

"Baba Ingocha," mkewe alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ungekuja kulia sokoni, walau tungepata chumvi ya bure."

Kulabidhu alimjibu kwamba kuna watu wamejaliwa moyo laini na kuna watu wamejaliwa mikono, na kila mmoja ana malipo yake. Bibi Sakhitombi alisema hiyo kweli, akachukua mikono yake akaenda nayo sokoni.

Mpinzani wa Kulabidhu alikuwa mmoja tu, Mzee Gourahari wa ng'ambo ya bwawa, ambaye naye alilia vizuri lakini kwa kelele. Miaka kadhaa nyuma, kwenye matanga ya mwenye kinu cha mpunga, Gourahari alithubutu kusimama kwanza. Kulabidhu alisema, kwa sauti ya kusikika mikeka yote, kwamba yale hayakuwa machozi ya ibada bali mafua. Tangu siku hiyo wazee hao wawili hawakusalimiana. Mangijao, msimamizi wa mikeka, ambaye kazi yake ni kujua nani akae wapi na nani apewe tambuu kabla ya nani, alizeeka kabla ya wakati wake kwa kuwatenganisha. Watu wazima wenye mvi, wakigombea nani ana uchungu zaidi kwa maiti asiyemhusu. Ndivyo tulivyo.

Basi Mungu naye ana utani wake. Mwaka ule macho ya Kulabidhu yakaanza kumwasha, kama yana mchanga. Kwenye matanga mawili mfululizo mabega yalitikisika, mkono ukapanda kifuani, na hakikutoka kitu. Alienda kwa daktari wa macho mjini bila kumwambia mtu. Daktari alimmulika, akamwambia kwamba ni umri tu, macho yamekauka, machozi hayatoki tena kama zamani. Kulabidhu alishika ukingo wa meza. Angeambiwa moyo wake umesimama asingeshtuka vile. Daktari, kijana asiyejua anazungumza na nani, alimpa kichupa kidogo akamwambia ayatumie hayo, ni machozi ya dukani, yanafanya kazi ileile.

Na mambo haya yalimkuta wakati mbaya kuliko nyakati zote. Mjukuu wake, Nganthoi, mtoto wa Ingocha, alikuwa amechaguliwa kucheza Ras, ngoma yetu takatifu ya duara. Ingocha na mkewe walikuwa kazini katika mji wa mbali wa kusini, na mtoto alilelewa na babu na bibi. Kwetu, msichana akivalishwa yale mavazi na kuingia kwenye duara la gopi, wapenzi wa Krishna wakiongozwa na Radha, kipenzi chake, si mtoto wa mtu tena. Wakubwa humwendea na kumsujudia, na wa kwanza kumwendea huwa ni wa kwao. Msichana asiyeendewa na mtu hucheza mpaka mwisho kama aliyeokotwa. Nganthoi hakuwa na mwingine wa kumwendea ila babu yake, na babu yake ndiye bingwa wa bonde zima. Wasichana wenzake walimwonea wivu.

Jioni moja, babu akiwa barazani anatafuna tambuu, Nganthoi alikuja akakaa karibu naye.

"Babu, siku yangu utanililia?"

"Nitalia mpaka mkeka uelee."

"Sitaki hivyo. Sitaki kama ulivyomlilia yule mwenye kinu. Yule ulikuwa hata humpendi."

Kulabidhu alitema tambuu. Alimuuliza, basi amlilie vipi.

"Kwa kweli," mtoto alisema. "Na usikosee, tutakuwa tumefunikwa shela usoni sote. Radha ana sketi ya kijani. Mimi ni wa tatu kutoka kwake, upande wa mpiga pung. Sema."

"Wa tatu kutoka kwa Radha, upande wa mpiga pung."

Alimfanya arudie kila siku, kabla ya kula na baada ya kula, na mzee alirudia kwa unyenyekevu ambao mkewe hakuwahi kuuona katika ndoa yao.

Kichupa alikijaribu kwanza kwenye matanga ya jirani. Alijifunika shuka usoni, akajidondoshea, akasimama taratibu kama kawaida yake. Taratibu hiyo ndiyo iliyomponza. Alipofika mbele ya mwimbaji machozi ya dukani yalikuwa yameshakauka, na Gourahari, kutoka mkeka wa pili, alitabasamu. Kulabidhu alirudi nyumbani na lile tabasamu, akala nalo, akalala nalo. Asubuhi alilitazama kapu la mkewe, na juu kabisa kulikuwa na umorok moja nyekundu, nono, imekunjamana kama uso wa kichanga. Wazo lililomjia ni la kipumbavu, lakini hofu haikuwahi kumshauri mtu vizuri. Aliitia pilipili ile kwenye pindo la shuka, akalisugua mpaka likalowa.

Ras ile ilichezwa mchana, maana usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje na umeme ulikuwa unakuja ukitaka. Ukumbi wa mtaa ulijaa. Wasichana waliingia wakiwa wamesimama ndani ya zile sketi ngumu za duara zilizoshonwa vioo, shela nyeupe zikiwafunika nyuso, hivi kwamba mama mzazi alilazimika kumtafuta mwanawe kwa kidole gumba cha mguu. Bibi Sakhitombi alikuwa amefunga biashara siku hiyo, hata soko zima likasema huenda ni mgonjwa, akakaa upande wa wanawake na mikono yake mapajani, haijui la kufanya. Mikono ya Nganthoi ilipoanza kufunguka na kufumba, polepole, kama mtu anayepokea maji asiyotaka yamwagike, bibi alisahau kwamba miguu inamuuma.

Kulabidhu hakuona hayo. Alikuwa anangoja zamu yake. Krishna, kitoto cha miaka minane chenye taji la manyoya ya tausi, alijificha. Radha akaanza kumtafuta. Sauti ya mwimbaji ikavutwa. Mabega yakatikisika, mkono ukapanda kifuani, na Kulabidhu akajifuta macho kwa lile pindo.

Wahenga hapo walisema kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii hakusimama taratibu. Aliruka. Waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona mtu aliyeshikwa na ibada ghafla namna ile. Macho yalikuwa yanawaka moto, na dunia ilikuwa ukungu mwekundu wenye doa moja la kijani. Doa ni Radha, alijiambia. Kutoka Radha, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kilichomtoka akilini ni kwamba duara la Ras halisimami mahali pamoja. Lilikuwa limezunguka, na upande aliokuwa amesimama mpiga pung sasa ulikuwa upande mwingine. Alijitupa kifudifudi kwenye miguu ya wa tatu, akamwekea kitambaa cha waridi ambacho mkewe alikifuma kwa ajili ya siku hiyo, na machozi yakamwagika kama hayajawahi kumwagika tangu aanze kazi.

"Mjukuu wangu," alisema. "Mjukuu wangu."

Ukumbi ulipasuka. Watu walilia na kujitupa chini, wanaume kwa wanawake. Mangijao aliangusha sinia la tambuu. Wapishi walitoka jikoni na miko mikononi, wakaulizana kuna nini, wakalia bila kusubiri jibu. Kulabidhu, paji la uso likiwa sakafuni, alijua amefanikiwa kupita mafanikio yote. Ndipo mtu mzito alipomwangukia pembeni na kumkumbatia.

"Kaka," sauti ya Gourahari ilimwambia sikioni. "Umemwita Bembem wangu mjukuu wako. Baada ya yote yale. Mimi ni nani nikunyime moyo?"

Kulabidhu alipoa mwili mzima isipokuwa macho. Alifumbua kinywa kusema amekosea, lakini utamwambiaje mtu hivyo, naye analia shingoni mwako? Alikifumba. Ras haikusimama, maana Ras haisimami. Upande wa pili wa duara, Bibi Sakhitombi alimwona Nganthoi akiuacha mkono wake hewani kidogo zaidi ya wenzake, umeelekea kule aliko babu, halafu akaushusha na kugeuka pamoja na wengine. Alicheza mpaka mwisho. Hakuna aliyemwendea, kwa sababu kila mtu alikuwa amewazunguka wazee wawili, na bibi njia ilikuwa imezibwa na waliojitupa chini.

Nyumbani bibi alimwosha mumewe macho kwa maziwa, kisha akalichukua shuka akalinusa pindo lake mara moja tu. Pua iliyokaa na pilipili maisha yote haidanganywi. "Hii ni ile yangu ya juu," alisema. Hakusema zaidi, na Kulabidhu angependelea matusi. Alimpeleka zahanati, akarudishwa amefungwa kitambaa macho yote mawili, na amri ya kutofungua kwa siku kadhaa.

Nganthoi alikuja akasimama mlangoni, bado ana wanja na liwa usoni.

"Mimi nilikuwa wa tatu," alisema.

Kulabidhu alijikohoza. Alianza kumweleza kwa sauti ya ukumbini kwamba mtu akishavaa yale mavazi si mtoto wa fulani tena, wote ni gopi, na aliyemsujudia mmoja amewasujudia wote. Ni mafundisho mazuri, nasi sote tumeyakubali.

"Kama wote ni mmoja," mtoto alisema, "ulikuwa unarudia nini kila siku, kabla ya kula na baada ya kula?"

Aliondoka. Maji ya babu yake, ambayo kila jioni aliyaleta yeye, jioni hiyo hakuyaleta mtu.

Kesho yake walikuja Gourahari na Mangijao, na mkungu wa ndizi. Gourahari alikaa karibu na mgonjwa akamshika mkono. Mangijao alieleza kwamba wazee wa ukumbi wamekutana, wameona bonde halijapata kuona msamaha wa namna ile, mtu kulia mpaka kuumwa macho kwa ajili ya mjukuu wa hasimu wake, na wameamua kumpa shuka la heshima na mkeka wa mbele wa kudumu. Hapa ndipo mtu mwingine angesema ukweli. Kulabidhu aliupima, akaona ni mzito, akainamisha kichwa chake kilichofungwa.

"Si mimi," alisema. "Ni Mungu tu."

Walilia tena, wakaondoka wakiwa wameshikana mikono. Bibi Sakhitombi alikuwa anamenya kitunguu kizingitini.

"Baba Ingocha, nikuulize kitu kimoja," alisema. "Mtoto alicheza vipi?"

"Alicheza vizuri."

"Alifanya nini Krishna aliporudi? Mikono yake ilikuwa wapi?"

Kulabidhu alitafuta kichwani, si Ras hiyo tu, bali Ras zote, na matanga yote, na harusi zote. Alikuta mikeka, alikuta nani alikaa mbele, alikuta uso wa Gourahari. Mchezo hakuuona popote.

"Miaka yote hiyo," mkewe alisema, "ulikuwa unangoja zamu yako."

Mzee alikaa na neno hilo mpaka jua likaegemea. Lilimuuma kuliko umorok, na hakukuwa na maziwa ya kuliosha. Mwishowe alimwita Nganthoi, akamwita tena, na aliposikia mtoto anapumua karibu na nguzo ya baraza alisema haraka, kabla hajapata sauti ya ukumbini.

"Sikuwa na machozi. Macho yamekauka. Nilijitia pilipili ya bibi yako, nikapofuka, nikahesabu vibaya."

Mtoto akauliza, "Umorok? Machoni?"

"Kwenye pindo la shuka."

"Hata kichanga hawezi kufanya hivyo, babu."

"Nilitaka ulilie... uliliwe kama wenzako."

"Ungenitazama tu," Nganthoi alisema. "Nilikuambia wa tatu ili unitazame."

Kulabidhu alimwomba amchezee sasa. Mtoto alimwambia haoni. Babu alisema anajua kwamba haoni, acheze hivyohivyo. Nganthoi akasikika akivuta mkeka pembeni.

Sasa, mzee huyu alizoea kuwatambia wageni kwamba mchezo wetu si wa kelele, kwamba gopi havai njuga, kwamba mguu wake unaikanyaga ardhi kama unaomba ruhusa. Hapo barazani alilipia majivuno yake. Hakusikia kitu. Mtoto alikuwa mahali fulani mbele yake na hakujua ni wapi.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Tunamtafuta."

"Mikono iko wapi?"

"Wa kulia uko juu ya macho, kama ninaangalia mbali. Wa kushoto unashika shela."

"Na sasa?"

"Nimeona nyayo zake. Nimeinama. Radha anafikiri ni za mwingine, lakini mimi nimezijua." Pumzi ilikuwa inamwenda mbio kidogo. "Hapa jana ndipo ulipoondoka kwenye mkeka. Nilikuona unakuja."

Kulabidhu hakuuliza tena. Mabega yake hayakutikisika, mkono haukupanda kifuani. Alikaa ameelekeza uso wake kwenye zile pumzi, anageuka nazo kila zilipokwenda. Bibi Sakhitombi, aliyekuwa ameacha kitunguu, aliona kitambaa cha macho kimeanza kulowa, kwanza jicho moja, halafu la pili, halafu maji yakashuka chini ya kitambaa mpaka kwenye ndevu.

"Dawa inatoka," mzee alisema kwa haraka. "Ni yale matone."

Mkewe alikuja akagusa kitambaa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Hawakukutia matone, Baba Ingocha. Wamekutia malhamu."

Alitaka kumfuta. Nganthoi, mikono ikiwa bado hewani, alimwambia, "Mwache, bibi. Sijamaliza."